Kigong'ota wa Masafa Mafupi

Ndugu Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike habari yo yote ya kihistoria itakayowafaa wanafunzi wa zamani pamoja na vijana walioko shuleni hivi sasa. Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya bweni la tatu, ambalo matofali yake tuliyafyatua kwa mikono yetu wenyewe. Lakini katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia, akanipa shikamoo, kisha akaniuliza: "Babu, ni kweli kwamba Warusi wana redio inayonguruma usiku na mchana, na kwamba siku itakaponyamaza ndipo dunia itakapopigwa mabomu?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa na umri kama wake, ndani ya bwalo lile lile, nami nilipata kusema neno la namna hiyo juu ya sauti niliyoisikia redioni, na neno langu likamtia mtu asiye na hatia katika matatizo. Basi habari za matofali na zisubiri. Leo nitaeleza habari za sauti ile, ilitoka wapi, ilikuwa ya kazi gani, na watu walidhani ni kitu gani kabla hawajajua. Mwishoni nitamjibu kijana yule swali lake.

Novemba 1978

Wenzangu wa miaka ile watakumbuka vizuri hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, na nchi nzima ilikuwa vitani. Redio ya shule ilikuwa ikishika Redio Tanzania peke yake, tena kwa shida, kwa sababu betri zake zilikuwa za zamani na kila mchana tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Mwalimu wetu wa Fizikia, kwa hisani yake, akawa anatuletea bwaloni redio yake mwenyewe, iliyokuwa na masafa mafupi, ili tusikilize pia Idhaa ya Kiswahili ya BBC na Sauti ya Ujerumani. Nyumbani kwake alikuwa amefunga waya mrefu wa shaba kutoka dirishani hadi kwenye mwembe ulio nyuma ya maabara, na huo ndio uliokuwa antena yake.

Jioni moja, mtangazaji alipokuwa katikati ya habari za vita, ghafla ikaingia sauti nyingine juu yake: tok-tok-tok-tok-tok, haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu anayegonga debe kwa kijiti au bunduki ya rashasha inayolia mbali sana. Ikammeza mtangazaji kabisa. Baada ya dakika chache ikahama, tukaisikia kwa mbali upande mwingine wa mizani ya redio, kisha ikarudi. Bwalo zima likawa kimya.

Wakati huo nilikuwa Kidato cha Tatu, nami nilikuwa kiranja wa bweni, kwa hiyo neno langu lilikuwa na uzito kuliko akili yangu. Nikasema kwa sauti ya mtu ajuaye: "Hiyo ni mitambo ya Amin. Anawapelekea habari wapelelezi wake waliomo humu nchini." Sikuwa na ushahidi wo wote. Nilitaka tu nionekane mjuzi.

Uvumi hauna miguu lakini unakwenda mbio. Siku ya pili yake watu wakaanza kuuliza kwa nini Mwalimu amefunga waya juu ya mwembe. Siku ya tatu wakauliza kwa nini anakesha usiku akizungushazungusha redio na kuandika katika daftari. Wiki haikwisha, habari zikafika kijijini kwamba shuleni kuna mpelelezi. Mwalimu akaja kuchukuliwa, yeye na redio yake na waya wake, akahojiwa, na akalala huko siku tatu. Alirudi akiwa amekonda uso, na redio ikiwa haina kifuniko cha nyuma.

Hakumwuliza mtu ye yote ni nani aliyeanzisha maneno yale. Kipindi kilichofuata aliingia darasani na daftari jipya, akapiga mistari ubaoni na kugawa safu nne: tarehe, saa, mahali kwenye mizani, na nguvu ya sauti. Akasema: "Anayejua sauti hii ni ya nini na asimame." Hakusimama mtu. "Basi, kwa kuwa hatujui, tuandike kile tunachokijua."

Tuliandika kwa zamu kwa miezi mingi. Tuligundua kwamba sauti ile haikai mahali pamoja kama kituo cha matangazo, bali hurukaruka. Tuligundua kwamba nguvu yake hubadilika kufuatana na saa za mchana na usiku. Halafu tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa na Amin akakimbia, na jioni ile ile kigogo kile kikaendelea kugongwa kama kawaida. Ndipo Mwalimu alipotuonyesha daftari lake la zamani, na ndani yake ameandika sauti ile ile mwaka 1976, miaka miwili kamili kabla ya vita. Sauti ilianza kabla ya vita na ikaendelea baada ya Amin kuondoka. Haikuwa yake. Siku ile nilijua kwa hakika kwamba nilikuwa nimemsingizia mtu, na sikusema neno.

Dunia nzima ilikuwa ikiuliza

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuisoma habari hii, niliona kwamba bwalo letu halikuwa peke yake. Sauti ile ilianza kusikika mwezi wa Julai 1976, na ilisikika Ulaya, Amerika, Australia na kwingineko. Ilipiga mapigo 10 kwa kila sekunde, na wakati mwingine zaidi. Ilikuwa ikirukaruka kati ya takriban megahezi 7 na 19, yaani ndani ya masafa yale yale wanayotumia watangazaji wa kimataifa, meli, ndege, na wale watu wanaozungumza kwa redio zao binafsi kwa kupenda kwao, ambao hujulikana kama maredio amachua. Hao waliipa jina lililoenea duniani kote, wakaiita Kigong'ota wa Kirusi, kwa kuwa ilifanana na ndege yule agongaye mti kwa mdomo wake.

Malalamiko yalipelekwa kutoka nchi nyingi. Hata viwanda vya redio vikaanza kutengeneza redio zenye swichi maalumu ya kupunguza mapigo yale. Baadhi ya maredio amachua walifanya chama cha kumwinda kigong'ota: walipomsikia, nao walirusha mapigo yao kwa mwendo ule ule wakitumaini kumvuruga mwenye mtambo mpaka ahame.

Muungano wa Kisovieti haukueleza hadharani mtambo ule ulikuwa wa kazi gani. Na penye jambo kubwa lisilo na maelezo, watu hujitafutia maelezo yao wenyewe. Ndivyo tulivyofanya sisi bwaloni, na ndivyo walivyofanya wakubwa wa Ulaya na Marekani, ambao walikuwa na maktaba na maabara tusizokuwa nazo.

Dhana tatu

Dhana ya kwanza ilisema kwamba Warusi wanataka kutawala akili za watu. Walioshika dhana hii walikuwa na hoja mbili. Kwanza, ubongo wa binadamu aliyetulia hutoa mapigo madogo ya umeme, kati ya 8 na 13 kwa sekunde, na kigong'ota alikuwa akipiga 10. Pili, mwaka ule ule wa 1976 ilijulikana hadharani kwamba ubalozi wa Marekani mjini Moscow ulikuwa ukimulikwa na mawimbi ya maikrowevu kwa miaka mingi. Jambo hilo la ubalozi lilikuwa la kweli. Watu wakaliunganisha na sauti ya redio, wakaona picha imekamilika.

Dhana ya pili ilisema kwamba mtambo ule unageuza hali ya hewa. Palipotokea ukame au baridi kali isiyo ya kawaida, walikuwako waandishi waliosema ni kazi ya kigong'ota.

Dhana ya tatu haikuwa na utamu kama hizo mbili. Ilisema kwamba sauti ile ni rada, tena rada ya namna mpya, inayoweza kuona nyuma ya upeo wa macho. Wahandisi na maredio amachua walioishika hawakuanza na swali la nani mbaya, bali walipima. Walichukua antena inayoweza kuelekezwa, wakatazama sauti inatoka upande gani, wakachora mstari kwenye ramani. Mwingine akafanya vivyo hivyo kutoka nchi nyingine. Mistari ya vituo mbalimbali ikaelekea kukutana pamoja, katika upande wa magharibi wa Muungano wa Kisovieti, maeneo ya Ukraine. Hao ndio waliokuwa sahihi.

Rada inayotazama nyuma ya dunia

Kwa faida ya vijana, hapana budi nieleze kidogo. Rada hufanya kazi kama mtu apigaye ukelele mbele ya jabali. Sauti ikigonga jabali hurudi kama mwangwi, na ukihesabu muda uliopita utajua jabali liko umbali gani. Rada hutumia mawimbi ya redio badala ya sauti ya mdomo. Lakini rada ya kawaida huona kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Kombora likirushwa kutoka Marekani, rada ya kawaida iliyoko Ukraine haiwezi kuliona mpaka limekwisha panda na kukaribia, kwa sababu tumbo la dunia liko katikati.

Masafa mafupi yana tabia nyingine. Juu angani, kuanzia takriban kilomita 100 na kupita kilomita 300, kuna tabaka la hewa nyembamba lililojaa chembe za umeme kutokana na miali ya jua. Wanasayansi huliita ayonosfia. Mawimbi ya masafa mafupi yakifika huko hupindwa yakarudi ardhini, kama mpira unavyodunda kwenye dari. Ndiyo maana tuliweza kuisikia London tukiwa bwaloni. Na kama matangazo yanaweza kuruka tumbo la dunia kwa njia hiyo, basi na mawimbi ya rada yanaweza. Moto na moshi wa kombora linalopaa huacha njia angani, na njia hiyo inaweza kurudisha mwangwi hafifu sana.

Hapa ndipo pana jibu la mapigo 10. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Baina ya pigo moja na jingine ipo sehemu moja ya kumi ya sekunde, na katika muda huo wimbi husafiri kilomita 30,000. Gawa kwa mbili, kwa kuwa lazima liende na kurudi, utapata kilomita 15,000. Maana yake ni kwamba mapigo 10 kwa sekunde yanampa mwenye rada nafasi ya kusubiri mwangwi kutoka umbali wa kilomita 15,000 kabla ya kupiga pigo jingine. Umbali huo unatosha kutoka Ukraine kufika Marekani na kupita. Hesabu hiyo ni ya Kidato cha Tatu. Waliokuwa wakitishwa na mawimbi ya ubongo wangaliweza kuifanya nyuma ya bahasha.

Mtambo wenyewe uliitwa Duga, maana yake upinde. Ulitanguliwa na mtambo wa majaribio karibu na mji wa Mykolaiv, kusini mwa Ukraine. Ule mkubwa wa magharibi uligawanywa mahali pawili, kwa sababu mtu anayepiga kelele kwa nguvu hawezi kusikia mnong'ono kwa wakati huo huo. Sehemu ya kurusha mawimbi ilijengwa karibu na Liubech, na sehemu ya kupokea mwangwi ilijengwa takriban kilomita 60 kutoka hapo, katika msitu ulio jirani na Chernobyl. Mtambo mwingine wa aina hiyo ulijengwa Mashariki ya Mbali, karibu na Komsomolsk-na-Amure.

Antena ile ya msitu wa Chernobyl imesimama mpaka leo. Ni ukuta wa vyuma wenye kimo cha takriban mita 150, na ukitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine utapita mamia ya mita. Wanajeshi waliokuwa wakiuhudumia walikaa pamoja na jamaa zao katika mji mdogo wa siri, na kwenye ramani mahali hapo palionyeshwa kama kambi ya watoto.

Je, ulifaa kwa vita?

Shabaha yake ilikuwa wazi. Kombora la nyuklia kutoka Marekani huchukua takriban nusu saa kufika Urusi. Aliyegundua mapema anapata dakika za kufikiri, na aliyechelewa kugundua hubakiwa na dakika za kuogopa. Wakubwa wa Moscow walitaka dakika hizo.

Lakini njia ya kwenda Marekani hupita karibu na Ncha ya Kaskazini, na huko ayonosfia haitulii. Ni mahali pa zile taa za angani zinazochezacheza usiku, na mawimbi yanayopita hapo huvurugika. Mhandisi mkuu wa mradi, Franz Kuzminsky, pamoja na wenzake, walihangaika na tatizo hilo. Mtambo mkubwa kuliko yote ukawa hauaminiki kwa kazi uliyojengewa.

Wala wenzao wa upande wa pili hawakuwa na bahati zaidi. Marekani ilijenga rada yake ya namna hiyo huko Orford Ness, pwani ya Uingereza, na kuipa jina la Cobra Mist. Ilifungwa mwezi wa Juni 1973, kwa sababu kelele isiyojulikana iliingia katika mitambo na kufunika mwangwi. Wataalamu walichunguza na hawakupata kuthibitisha kelele ile ilitoka wapi. Baadaye mahali hapo pakatumiwa kurushia matangazo ya BBC. Mtu wa kale husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Dola kubwa mbili zilijenga masikio makubwa ili zisikilizane, na kila moja ikasumbuliwa na kelele.

Tarehe 26 Aprili 1986 tanuri la nyuklia la Chernobyl lililipuka, umbali wa takriban kilomita 10 kutoka antena ile. Sumu ya mionzi ilienea mpaka kwenye mji wa siri, na watu wakahamishwa. Mwishoni mwa mwaka 1989 kigong'ota akanyamaza kabisa, na miaka miwili baadaye Muungano wa Kisovieti wenyewe ukavunjika. Tangu hapo habari nyingi za mtambo zimekuwa wazi, na kabla ya vita vya mwaka 2022 watalii walikuwa wakipelekwa kuutazama.

Hata hivyo uvumi haukufa. Mwaka 2015 ilitoka filamu juu ya kigong'ota, na ndani yake msanii mmoja wa Ukraine, Fedor Alexandrovich, anatoa dhana kwamba mkubwa mmoja aliamuru tanuri liharibiwe makusudi, ili aibu ya rada isigundulike. Filamu hiyo ilipata tuzo. Lakini chanzo cha mlipuko kimechunguzwa kwa miaka mingi, na kinajulikana: ubovu katika ubunifu wa tanuri lenyewe, na jaribio lililofanywa usiku ule kwa kuvunja kanuni za usalama. Msanii yule aliathiriwa na mionzi utotoni, na sithubutu kumcheka. Mtu aliyeumizwa na serikali iliyomficha ukweli atauamini uongo ulio mkubwa kuliko yeye kabla hajaiamini serikali tena. Kuficha mambo nako kuna gharama yake.

Sasa nimjibu kijana

Redio aliyoniuliza ipo kweli. Inasikika katika kilohezi 4625, na hunguruma takriban mara 25 kwa dakika, usiku na mchana. Wasikilizaji wanaifahamu tangu zaidi ya miaka 40 iliyopita, na waliizoea kwa jina la UVB-76. Mara chache mngurumo husimama, na mtu husoma kwa Kirusi majina na tarakimu. Mwaka 2001 wasikilizaji walisikia watu wakizungumza nyuma ya mngurumo, na hapo wakatambua kwamba kinachorusha sauti ile ni kipaza sauti kilichoachwa wazi mbele ya chombo kinacholia. Mwaka 2010 alama yake ya wito ilibadilishwa.

Dhana inayopendwa sana ni hii aliyoisikia kijana wetu, kwamba redio hiyo imefungwa na mtambo unaoitwa Perimeter, ambao utarusha makombora peke yake endapo viongozi wote wameuawa. Perimeter ni mtambo wa kweli, ulioanza kazi mwaka 1985. Lakini hapana ushahidi unaoufunga na mngurumo ule. Nasi tufanye kama alivyotufundisha Mwalimu, tutazame daftari. Mwezi wa Juni 2010 redio ile ilinyamaza kwa muda, na mwaka huo huo ilikatikakatika mara kadhaa. Dunia haikupigwa mabomu. Basi dhana hiyo imekwisha pimwa na imeanguka, kama ile yangu ilivyoanguka siku Kampala ilipotekwa. Maelezo yaliyo karibu na akili ni kwamba hiyo ni njia ya mawasiliano ya jeshi la Urusi, na mngurumo ni wa kuishika nafasi ile isichukuliwe na mwingine, na kuwajulisha wanaosikiliza kwamba njia i wazi.

Lakini sitaki vijana wadhani kwamba kila shaka ni upuuzi. Zipo redio nyingine zilizosoma tarakimu tupu, na watu waliodhani ni za wapelelezi walikuwa sahihi. Kituo kimoja kilichoanza kwa kupiga wimbo wa kienyeji wa Kiingereza, kisha sauti ya mwanamke ikasoma tarakimu tano tano, kilifuatwa na wasikilizaji mpaka wakatambua kwamba kinatoka Akrotiri, katika kambi ya Waingereza huko Kupro. Kilinyamaza mwaka 2008. Na mwaka 1998 Marekani iliwakamata wapelelezi wa Kuba huko Miami, na katika kesi yao ikaonyeshwa kwamba walipokea maagizo kwa tarakimu zilizosomwa katika masafa mafupi. Njia hiyo ni ya zamani lakini ina hekima yake: kila mtu anaweza kusikia, na hapana awezaye kujua ni nani hasa anayesikiliza.

Kwa hiyo tofauti ya mjuzi na mzushi haiko katika kushuku. Wote wawili hushuku. Mjuzi huandika tarehe na saa, husubiri, na akikuta daftari limempinga hukubali. Mzushi humtafuta mtu wa kumlaumu, na kwa kawaida humpata yule aliye karibu, hasa akiwa na kitu ambacho wengine hawana, kama vile waya juu ya mwembe.

Deni

Nilikutana na Mwalimu mara ya mwisho mwaka 1994, katika kituo cha mabasi. Alikuwa amestaafu. Nilimpa shikamoo, akanitambua mara moja, akaniuliza: "Kigong'ota wetu umepata kujua alikuwa nani?" Nikamwambia ilikuwa rada. Akafurahi kama mtoto, akanishika mkono, akaniuliza habari za ayonosfia mpaka basi lake likaita. Nilikuwa na nafasi ya robo saa nzima ya kumwambia ni nani aliyesema lile neno bwaloni. Sikumwambia. Sasa ametangulia mbele ya haki.

Kwa hiyo nalisema hapa, mbele ya wenzangu tuliokula naye meza moja, na mbele ya wanawe kama jarida hili litawafikia: neno lile lilikuwa langu. Baba yenu hakuwa na kosa lo lote. Alikuwa mtu aliyependa kujua, na alitulipa mabaya yetu kwa kutufundisha namna ya kujua.

Nimekwisha mkabidhi Mkuu wa Shule redio moja yenye masafa mafupi, waya wa shaba, na madaftari kumi na mawili yaliyopigwa safu nne. Mwembe bado upo, nimeuona. Vijana watakaopenda kuanzisha chama cha kusikiliza na wamwone mwalimu wao wa Fizikia. Wakisikia kitu wasichokijua, waandike kwanza. Kusema kuna nafasi yake, nayo ni baadaye.